Sarufi ya Tarakimu: Uhakiki wa Namba katika Nyuga za Kompyuta kwa Mfano wa Mpaka wa Kasesya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna programu za kompyuta zinavyohakiki namba zinazoandikwa na watumiaji katika nyuga za skrini. Hoja kuu ni kwamba namba, kabla ya kufika kwenye kibodi, huwa imekwisha kupita katika kinywa cha mtu au karatasi ya mtu, na kwa hiyo uhakiki wake ni suala la lugha kama ulivyo suala la hesabu. Mifano imejengwa kwenye mazingira ya Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia mkoani Rukwa, mahali ambapo taratibu mbalimbali za kuandika uzito, fedha na saa hukutana. Makala yanapendekeza kwamba uhakiki ufanywe katika ngazi tatu, yaani umbo, maana na muktadha, na kwamba programu imsomee mtumiaji kwa maneno ile namba iliyoielewa.

1.0 Utangulizi

Neno uhakiki limezoeleka zaidi katika taaluma ya fasihi. Hapa linatumika kwa maana iliyo karibu na asili yake, yaani kuitafuta hakika ya jambo. Mtu anapoketi mbele ya kompyuta na kujaza fomu, kila kisanduku anachojaza huitwa uga. Baadhi ya nyuga hutaka maneno, nyingine hutaka namba. Sehemu ya programu inayoonekana kwenye skrini, pamoja na nyuga zake, vitufe vyake na ujumbe wake, ndiyo kiolesura. Kuhakiki ingizo la namba ni kuamua kama kile kilichoandikwa katika uga kinaweza kukubaliwa kuwa namba, na kama namba hiyo ndiyo iliyokusudiwa.

Maswali hayo mawili aghalabu huchanganywa. Waandishi wengi wa programu hujibu la kwanza na kudhani kwamba wamelijibu la pili. Matokeo yake ni aina ya kosa ambalo katika makala haya litaitwa kosa halali: ingizo lililopita kila kipimo cha programu lakini si kweli.

Kasesya, iliyopo wilayani Kalambo, ni mahali pazuri pa kulichunguza suala hili. Mahindi na maharage ya uwanda wa Ufipa huuzwa ndani na nje ya nchi. Upande wa pili wa mpaka fedha ni kwacha, na saa iko nyuma kwa saa moja. Katika wilaya hiyohiyo, bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika hupokea mizigo iendayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambayo kanuni zake za kuandika namba zimerithiwa kutoka kwa Wabelgiji. Mifano itakayotolewa ni ya kubuni. Haielezi programu ya ofisi yoyote. Kanuni zinazotajwa, hata hivyo, ni za kweli.

2.0 Namba na Msimbo

Kabla ya kuhakiki, hapana budi kuuliza iwapo kinachoandikwa ni namba. Kuna vitu vinavyoandikwa kwa tarakimu ambavyo havihesabiki. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi inapoanza na sifuri. Hakuna anayejumlisha namba mbili za simu. Namba ya mlipa kodi na namba ya kitambulisho cha taifa ni za jamii hiyohiyo. Hivi ni misimbo, yaani majina yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Tofauti hii ina athari za dhahiri. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao forodha za dunia zimekuwa zikiutumia tangu mwaka 1988, maharage ya kawaida yamo katika kifungu 0713.33. Uga uliotangazwa kuwa ni wa namba utaisoma 0713 kuwa 713, kwa sababu sifuri ya mbele haina thamani katika hesabu. Katika msimbo, lakini, sifuri hiyo ni sehemu ya jina, kwa kuwa tarakimu mbili za mwanzo, 07, ndizo zinazotaja sura ya mboga. Kuiondoa ni sawa na kuondoa silabi ya kwanza ya jina la mtu kisha kumtafuta katika daftari.

Kanuni rahisi ya kutenganisha makundi haya mawili ni kuuliza: je, kuna maana kukijumlisha kitu hiki na kingine cha aina yake? Uzito wa magunia mawili unajumlishika. Misimbo miwili haijumlishiki. Msimbo uhakikiwe kwa idadi ya tarakimu na mpangilio wake, wala usigeuzwe kuwa namba hata kidogo.

3.0 Ngazi Tatu za Uhakiki

Chomsky (1957) alionesha kwamba sentensi inaweza kuwa sahihi kisarufi na bado isiwe na maana. Utengano huo unafaa sana kuelezea uga wa namba. Ingizo linaweza kuwa na umbo sahihi na kukosa maana. Linaweza pia kuwa na umbo na maana, lakini likapotoka kwa sababu ya muktadha.

3.1 Ngazi ya Umbo

Katika ngazi hii programu huuliza iwapo mfuatano wa alama unaweza kusomwa kuwa namba. Jambo linaloonekana jepesi lina ugumu wake. Tazama maingizo haya katika uga wa uzito kwa kilo:

(1) a. 1500
    b. 1,500
    c. 1.500
    d. 1 500

Kwa msomaji wa Tanzania, (1a) na (1b) ni kilo elfu moja mia tano, ilhali (1c) ni kilo moja na nusu. Kwa mfanyabiashara aliyesoma Kongo, (1c) ni elfu moja mia tano, na (1b) ndiyo moja na nusu. Tofauti hii imeandikwa hata katika hazina ya data za lugha ya Unicode, ambamo Kiswahili kwa jumla hutenga maelfu kwa mkato na desimali kwa nukta, na Kiswahili cha Kongo hufanya kinyume chake. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba programu "imeandikwa kwa Kiswahili". Lugha ni moja, lakini tahajia ya namba ni mbili.

Zana nyingi za lugha za programu haziulizi swali hili. Kanuni iitwayo parseFloat katika lugha ya JavaScript husoma kuanzia kushoto, na inapokutana na alama isiyoitambua huacha na kurudisha kile ilichokwisha kukisoma. Ikipewa (1b), hurudisha 1. Kanuni ya Val katika Visual Basic hufanya vivyo hivyo. Hakuna ujumbe wa kosa unaotolewa. Tani moja na nusu ya mahindi inakuwa kilo moja, na programu inaendelea na kazi yake kwa utulivu.

Uga mtupu nao una hatari yake. Katika JavaScript, kanuni ya Number ikipewa uga usio na kitu hurudisha 0. Katika lugha ya watu, kunyamaza si kusema "hakuna". Karani aliyeacha uga wa uzito wazi kwa kuwa mzani haujatoa jibu hakusema kwamba mzigo hauna uzito. Programu inayogeuza kimya kuwa sifuri inamtilia mtu maneno kinywani.

Mwisho, kuna suala la ukubwa. Namba kamili inayohifadhiwa katika biti 32 zenye alama haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Kwa fedha za Ulaya kiasi hicho ni kikubwa mno kwa matumizi ya kawaida. Kwa shilingi ya Tanzania, thamani ya zaidi ya bilioni mbili si ajabu kwa shehena ya mitambo. Mwandishi wa programu aliyechagua nafasi hiyo akiwa na dola akilini amekwisha kuweka mpaka ambao haukukusudiwa na mtu yeyote.

3.2 Ngazi ya Maana

Namba ikishasomwa, programu huuliza iwapo ina mantiki kwa kitu kinachotajwa. Idadi ya magunia haiwezi kuwa na desimali. Uzito hauwezi kuwa chini ya sifuri. Hapa ndipo vipimo vya juu na vya chini huwekwa.

Vipimo hivi vina manufaa halisi. Sokoni, neno elfu aghalabu huachwa: muuzaji akitaja "thelathini" kwa debe la maharage, msikilizaji anaelewa elfu thelathini. Anayeandika alichokisikia anaweza kuandika 30, na kipimo cha chini kitamzindua.

Hata hivyo, kipimo kigumu kinaweza kuzaa uongo. Mfano ulio bora ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba. Kanuni za vipimo za Tanzania zinakataza ujazo huo, na kikomo kinachojulikana ni kilo 100 kwa gunia. Na ichukuliwe kwamba mwandishi wa programu ameweka kanuni kuwa uzito wa gunia moja usizidi 100. Karani anapima gunia na mzani unasoma 128. Anaandika 128, uga unakataa. Nyuma yake foleni inazidi kurefuka. Anaandika 100, na uga unakubali. Programu iliyokusudiwa kuilinda kweli ndiyo iliyoifuta: lumbesa imevuka, na kumbukumbu zinasema hakuna lumbesa.

Kutokana na mfano huu inafaa kutofautisha namba isiyowezekana na namba isiyotakiwa. Gunia la kilo -5 haliwezekani, likataliwe. Gunia la kilo 128 linawezekana sana, ila halitakiwi. Liandikwe kama lilivyo, kisha programu itoe onyo na kutaka maelezo. Kazi ya uga ni kupokea habari. Kutoa hukumu juu ya habari hiyo ni kazi ya mwingine.

Aidha, mipaka hubadilika. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake, na kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Kipimo cha chini kilichofaa Desemba 2012 kiligeuka kuwa kikwazo usiku mmoja. Mipaka ya maana, kwa hiyo, ihifadhiwe mahali panapoweza kurekebishwa bila kuiandika programu upya.

3.3 Ngazi ya Muktadha

Ngazi hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa namba hutegemea nani anasema, wapi na kwa hesabu gani. Saa ni mfano wa kutosha. Mzungumzaji wa Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza: saa mbili asubuhi ni 08:00 ya kompyuta. Ukitaka saa ya kuwasili, ukaandikiwa 2:00, umbo ni sahihi na maana ni sahihi, kwani saa 2:00 ipo. Hakuna kipimo cha juu wala cha chini kitakachogundua kwamba karani aliandika kwa uaminifu kile alichoambiwa.

Mpakani jambo hili linaongezeka uzito. Zambia hutumia saa ya Afrika ya Kati, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Na ichukuliwe kwamba programu ina kanuni inayoonekana kuwa ya busara: saa ya kuwasili lazima iwe baada ya saa ya kuondoka.

(2) a. Kuondoka Zambia 08:00. Kuwasili Kasesya 3:15
    b. Kuondoka Kasesya 09:00; kuwasili Zambia 08:15

Katika (2a) lori limefika saa tatu na robo asubuhi kwa Kiswahili, yaani 09:15 kwa saa ya Tanzania, robo saa baada ya kuondoka. Kanuni inalikataa, na kwa bahati inamsaidia karani kuona kosa la uandishi. Katika (2b) kila kitu ni kweli, kwa sababu 09:00 ya Tanzania ni 08:00 ya Zambia, na bado kanuni inakataa. Kanuni hiyohiyo imesahihisha kosa moja na kuikataa kweli moja. Tiba yake ni kuufanya muktadha uonekane katika uga wenyewe: pembeni mwa saa paandikwe ni saa ya nchi gani, na mtumiaji achague asubuhi, mchana, jioni au usiku. Akichagua "saa 2 asubuhi", programu inaweza kuandika 08:00 bila kubahatisha.

4.0 Wakati wa Kuhakiki

Programu inaweza kuhakiki katika nyakati tatu: kila kitufe kinapobonyezwa, mtumiaji anapouacha uga, au fomu nzima inapowasilishwa.

Uhakiki wa kila kitufe huwavutia waandishi wengi, kwani huonekana kulizuia kosa lisizaliwe. Tatizo lake ni kwamba namba inapoandikwa hupitia hali ambazo bado si namba. Anayetaka kuandika -4.5, kwa mfano joto la chumba cha baridi, huanza na alama ya kutoa peke yake, kisha -4, kisha -4 yenye nukta isiyofuatwa na kitu. Anayetaka 150 katika uga wenye kipimo cha chini cha 10 huanza na 1. Kumkatiza hapo ni kama kumsahihisha msemaji katikati ya neno. Zaidi ya hayo, anayebandika namba aliyoinakili kwingine hapiti kwenye vitufe, kwa hiyo kizuizi kinachotegemea vitufe pekee hakimwoni.

Mfano kutoka nje unathibitisha hoja hii. Kiwango cha HTML5, kilichoidhinishwa mwaka 2014, kina uga maalumu wa namba. Uga huo hukubali herufi e, kwa kuwa 1e3 ni njia ya kisayansi ya kuandika 1000, na katika vivinjari kadhaa gurudumu la kipanya hubadilisha thamani bila mtumiaji kukusudia. Mwaka 2020 kikundi kinachosanifu kurasa za serikali ya Uingereza kiliacha kuutumia na kurudi kwenye uga wa kawaida wa maandishi, kikiiomba simu ioneshe kibodi ya tarakimu tu. Uhakiki ukaachwa ufanywe baadaye, juu ya maandishi kamili kama mtu alivyoyaandika.

Fundisho lake ni kwamba uga upokee kwa ukarimu na kuhoji kwa adabu. Nafasi na mikato ya maelfu iondolewe na programu yenyewe pale ambapo haileti utata. Panapokuwa na utata, kama katika (1c), programu iulize. Ujumbe unaosema "Ingizo batili" haumwambii mtu kosa ni lipi wala afanye nini. Ulio bora ungesema: "Umeandika 1.500. Je, ni kilo elfu moja mia tano, au kilo moja na nusu?"

5.0 Kuirudisha Namba katika Maneno

Stakabadhi na hundi za Afrika Mashariki zina mstari wa kuandika kiasi "kwa maneno". Sheria ya Uingereza ya hati za malipo ya mwaka 1882 iliweka kwamba maneno na tarakimu zikitofautiana, maneno ndiyo yafuatwe. Hekima hiyo inafaa kuingizwa katika kiolesura: mtumiaji akiuacha uga, programu imwandikie chini yake namba iliyoielewa, kwa maneno. Aliyeandika 1,500 akaona "kilo moja" atashtuka papo hapo. Makosa ambayo hakuna kipimo kinachoyaona, macho ya mwenye habari yatayaona.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika, kwa kuwa maneno ya namba ya Kiswahili yana utata wake.

(3) elfu mia mbili na tano
    a. 205,000
    b. 200,005

Tungo (3) hukubali tafsiri zote mbili, kwa sababu elfu hutangulia kizidishi chake na kiunganishi "na" hakioneshi mwisho wa kizidishi hicho. Katika mazungumzo, kiimbo na muktadha hutegua utata; kwenye skrini havipo. Njia mojawapo ni kurudia jina la kipimo: "shilingi laki mbili na elfu tano" kwa (3a), na "shilingi laki mbili na shilingi tano" kwa (3b).

Suala la pili ni upatanisho. Programu nyingi huunda ujumbe kwa kupachika namba katika sentensi iliyoandikwa tayari. Kwa Kiswahili njia hii haitoshi, kwa sababu baadhi ya maneno ya namba hupokea viambishi vya ngeli na mengine hayapokei: magunia mawili, mifuko miwili, vifurushi viwili, lakini magunia sita, mifuko sita, vifurushi sita. Kitenzi nacho hubadilika: gunia moja limezidi, magunia mawili yamezidi. Kanuni zinazofaa kumi na mbili zinafaa pia mia na mbili, kwani tarakimu ya mwisho ndiyo inayopatana. Kanuni hizi ni chache na zinaweza kuandikwa, ila mwandishi wa programu asiyeambiwa hatazibuni.

Kazi ya kukiingiza Kiswahili katika kompyuta ilikwisha kuanzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Juhudi za aina hiyo zimeelekea zaidi kwenye istilahi, yaani kupata majina ya vitu. Sarufi ya namba ni hatua inayofuata, na ni uwanja ambao wanafunzi wa uzamili wa isimu wanaweza kuchangia moja kwa moja.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba uhakiki wa namba una ngazi tatu. Umbo huamua kama ingizo linasomeka, maana huamua kama linawezekana, na muktadha huamua kama ndilo lililokusudiwa. Programu nyingi huishia katika ngazi ya kwanza au ya pili. Imeonekana pia kwamba ukali wa uga haulingani na usahihi wa habari: uga unaokataa kilo 128 unaweza kuhifadhi uongo nadhifu wa kilo 100.

Mkulima wa Ufipa anayevusha mahindi yake Kasesya hataiona programu wala kanuni zake. Ataona tu kiasi kilichochapishwa kwenye karatasi anayopewa, na atatozwa kwa kiasi hicho. Ikiwa nukta imesomwa kuwa mkato, ni yeye atakayelipia tofauti au kushindwa kuieleza. Kwa hiyo kabla uga haujafungwa, namba isomwe kwa maneno, kwa lugha anayoielewa, ili aweze kusema kama ndivyo alivyosema au sivyo.